Pandisha siti kwanza: baiskeli ya mlima kwa sisi tunaoendesha wikiendi

Wengi wetu tumejifunza baiskeli kwenye ile Phoenix ya babu, mguu mmoja umepitishwa katikati ya fremu kwa sababu lile bomba la juu lilikuwa limetuzidi kimo, na ulipokua ukaanza kukalia siti kipimo kilikuwa kimoja tu, miguu yote miwili ifike chini. Hicho kipimo ndo tumebaki nacho mpaka leo. Mtu ananunua baiskeli ya mlima nzuri kabisa, diski mbele na nyuma, anaipeleka kwa fundi anamwambia nishushie siti nikanyage vizuri, halafu baada ya mwezi unasikia magoti yanauma, baiskeli nzito, huu mchezo sio wangu. Kiukweli huwa inaniuma sana, maana baiskeli haina shida na yeye mwenyewe hana shida, siti tu ndo iko chini sentimita sita.

Kwa hiyo ntaanza na siti, ndo nije kwenye kununua, upepo, vifaa na mazoezi. Mi naendesha Arusha, njia za vumbi za upande wa Tengeru na vilima vya chini ya Meru, Jumamosi na Jumapili na siku moja katikati ya wiki nikiwahi kutoka kazini. Sio mtu wa mashindano. Haya yote ni ya mtu anayetaka apande mlima, ashuke salama, na Jumatatu aende kazini bila kuchechemea.

Kipimo chako unakipata nyumbani. Vua viatu, simama ukutani mgongo umegusa ukuta, chukua kitabu kigumu kipana, kiweke katikati ya mapaja kama vile umekalia siti, kivute juu mpaka kibane kwenye mfupa, kibane kweli maana usipobana kipimo kinakuwa cha uongo. Mtu akuwekee alama ya penseli ukutani pale juu ya kitabu, halafu pima kutoka sakafuni mpaka kwenye alama. Hiyo namba zidisha kwa 0.883. Jibu ni umbali kutoka pale katikati ya ekseli ambapo krenki, yaani ile mikono inayoshika pedali, zinazungukia mpaka juu ya siti, unapima kwa kufuata mstari wa bomba la siti. Mi nina sentimita 82, kwa hiyo napata 72.4. Hesabu hii ilienezwa na Greg LeMond, yule Mmarekani aliyeshinda Tour de France 1986, 1989 na 1990, kwa hiyo ni ya watu wa lami, sisi wa milimani tunapunguza kama sentimita moja hivi ili mwili uwe na nafasi ya kucheza juu ya baiskeli.

Kama huna futi wala kikokotoo, tumia kisigino. Panda baiskeli umeshikilia ukuta, weka kisigino juu ya pedali, zungusha kinyumenyume mpaka pedali ifike chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke wote bila nyonga kuinamia upande huo. Ukisharudisha mguu mahali pake, yaani ile sehemu pana ya unyayo nyuma ya vidole ndo ikae kwenye pedali, utaona goti limebaki na mkunjo kidogo pale chini. Mkunjo huo ndo tunautafuta. Kama goti limekunjika sana kama umekaa kwenye kigoda cha jikoni, siti iko chini. Kama unalazimika kunyoosha vidole kufikia pedali, au mtu akikutazama kwa nyuma anaona kiuno kinayumba kushoto kulia, umepitiliza.

Sasa usiipandishe yote kwa siku moja kama umezoea chini miaka yote. Nusu sentimita, endesha mara mbili tatu, nusu tena. Misuli ya nyuma ya paja inahitaji muda kuzoea.

Nilimpeleka mdogo wangu kwa fundi mmoja anayekaa chini ya mwarobaini karibu na kituo cha daladala, mzee anayejua kazi yake. Bomba la siti lilikuwa limeshika kutu ndani ya fremu, miaka halijaguswa. Akalegeza bolti, akamwagia mafuta pale mdomoni, akaegesha baiskeli pembeni akaendelea kuziba pancha ya mtu mwingine kama nusu saa hivi, ndo akarudi, akaibana fremu katikati ya magoti, akashika siti kwa mikono miwili, mbele na nyuma, akawa anaizungusha kidogokidogo huku na huku kama mtu anayekamua blanketi. Ikalia. Unga mwekundu wa kutu ukamwagikia viatu. Alipoitoa yote akaipiga msasa, akaipaka grisi, akairudisha, tukapandisha mpaka kwenye kipimo, mzee akatikisa kichwa: "Kijana wangu, huyu dogo hafiki chini hapo, ataanguka." Nikamwambia shikamoo mzee, akitaka kusimama atashuka kwenye siti. Na hapo ndo penye siri yenyewe. Unaposimama hubaki umekaa. Unafunga breki, unasogea mbele ya siti, unakanyaga chini kwa mguu mmoja, mwingine uko kwenye pedali tayari kuondoka. Dogo alifanya mazoezi uwanjani jioni ile ile, mara ishirini hivi akawa ameelewa, na kilima cha kwao alichokuwa anakisukuma kwa mguu akakipanda Jumapili ile.

Angalia kitu kimoja kwenye lile bomba, kuna mistari au maandishi ya kiwango cha mwisho cha kuvuta juu. Mistari ikionekana nje ujue bomba ni fupi kwako, litavunja fremu au litakatika na wewe juu yake. Nunua refu, ila peleka la zamani dukani kwa sababu unene unatofautiana kwa milimita chache na lisipoingia sawasawa ni hasara.

Ukimaliza kimo, siti ilale sawa, weka simu juu yake kwenye ile programu ya kupima ulalo, au pima kwa macho tu ukilinganisha na ukingo wa dirisha. Pua ikiinama chini uzito wote unakwenda mikononi, viganja vinakufa ganzi. Ikiangalia juu, we mwenyewe utajua panapouma. Kusogeza mbele na nyuma tumia uzi na nati. Kaa kwenye baiskeli pedali zikiwa zimelala sawa, moja mbele moja nyuma, ning'iniza uzi kutoka chini tu ya kile kifuniko cha goti la mbele, nati iangukie kwenye ekseli ya pedali au karibu na hapo. Na maumivu yenyewe yanaongea ukiyasikiliza: goti likiuma kwa mbele mara nyingi siti iko chini au imesogea mbele mno, likiuma kwa nyuma siti iko juu au imerudi nyuma mno. Goti likivimba au likiendelea kuuma hata siku ambazo hujaendesha, hapo acha spana nenda kwa daktari.

Usukani wa baiskeli za mlima unatakiwa viwiko vibaki vimekunjika kidogo, mabega yameshuka. Mikono ya breki ielekezwe chini kiasi ambacho kifundo cha mkono kinanyooka na vidole, sio unakivunja kwa juu. Isogeze ndani pia, mbali kidogo na vishikio, ili kidole cha shahada peke yake kifike ule mwisho wa mkono wa breki. Kidole kimoja kinatosha kama breki ni nzima, vile vingine vinne vishike usukani.

Na hapa kwenye breki naomba usome taratibu. Baiskeli zetu nyingi ni za mtumba na zinatoka nchi tofauti. Zile za Uingereza na Japani breki ya mbele iko mkono wa kulia, zile za Ulaya bara na Marekani breki ya mbele iko kushoto. Mtu kazoea moja, anapanda nyingine, kwenye mteremko anashtuka anabana mkono ambao anadhani ni wa nyuma, anaruka juu ya usukani. Baiskeli ngeni yoyote, hata ya kuazima dakika kumi, sukuma kwa mkono ubane moja moja uone tairi ipi inakamata. Kama umeinunua iwe yako, mwambie fundi abadilishe waya zifuate mkono uliozoea.

Tukija kwenye kununua. Hela yako ikiwa ndogo chukua yenye shokapu mbele tu, nyuma fremu ngumu. Zile za bei rahisi zenye spring katikati zinapendeza macho ila ni nzito na zinakula nguvu zako, kila ukikanyaga pedali spring inabonyea badala ya baiskeli kwenda mbele, na zile bushi zikilegea nyuma inayumba kama mkia. Shokapu ya nyuma nzuri ipo ila bei yake ni nyingine kabisa.

Saizi ya fremu: simama juu ya lile bomba la juu umevaa viatu vyako, ibaki nafasi ya vidole vitatu vinne. Ukiwa katikati ya saizi mbili, mi nakushauri ndogo kwa njia za mlimani maana unaigeuza kirahisi. Tairi zipo za inchi 26, 27.5 na 29. Ile 29 inapita juu ya mawe vizuri na kweli inasaidia, lakini tyubu ya 26 unaipata karibu kila duka la vipuri hata vijijini, fikiria unakoendesha ni wapi kabla hujaamua.

Mtumba ukague mchana, sio jioni taa zimewaka. Pitisha kidole chini ya fremu pale bomba mbili zinapokutana nyuma ya usukani, tafuta ufa, rangi iliyokatika kwa mstari mwembamba ni dalili mbaya. Inua kila tairi uizungushe, tazama rimu ikipita karibu na breki, inayumba au imenyooka. Shika krenki utikise kushoto kulia, ikicheza bearing zimekwisha, inatengenezeka ila punguza bei. Cheni ipime kwa rula ya inchi: anza katikati ya pini moja, hesabu inchi 12, pini ya ishirini na nne kutoka hapo iwe hapo hapo kamili. Ikipita kwa moja ya kumi na sita ya inchi cheni imevutika inataka kubadilishwa, ikipita kwa moja ya nane jua na meno ya gia za nyuma yameliwa, utanunua vyote. Na ukifunga pedali mwenyewe, ya kushoto inafungwa kinyume, unazungusha kinyume cha saa kuikaza, watu wengi wameharibu krenki kwa kulazimisha hapo.

Upepo sasa. Fundi wa barabarani anajaza mpaka tairi inalia ukiigonga, kwa sababu amezoea baiskeli za mizigo zenye magunia ya mkaa. Kwako wewe mwenye kilo 70 kwenye njia ya mawe hiyo ni mbaya, tairi inarukaruka haishiki ardhi, na kila jiwe unalisikia mgongoni. Mi na kilo zangu 74 naweka psi (kile kipimo cha upepo cha kwenye geji) 30 mbele na 33 nyuma, tairi yenye tyubu, upana wa inchi 2.2. Mwepesi ashuke kidogo, mnene apande mpaka 38 au 40, ila usipite namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Ukishusha mno tyubu inabanwa kati ya rimu na jiwe, ukiitoa unakuta matobo mawili sambamba kama ameng'ata nyoka, hiyo ni alama kwamba upepo ulikuwa mdogo. Geji ndogo ya mkononi ni moja ya vitu vya maana kununua, kubonyeza kwa kidole gumba hakukuambii kitu.

Tobo moja dogo ni mbigili. Wakati wa kiangazi, hiki kimiba kimejaa kandokando ya njia na kwenye mashamba yaliyovunwa, kina pembe kiasi kwamba kikianguka vyovyote ncha moja inaangalia juu. Ukipata pancha usibadilishe tyubu ukaondoka, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi nzima, mwiba bado umo humo, usipoutoa utaziba tena baada ya mita mia mbili. Niliwahi kufanya hivyo nikatoboa tyubu mbili ndani ya robo saa nikatembea na baiskeli begani jua la saa saba. Siku hizi kwenye kibegi kuna tyubu moja nzima, viraka na solushen, pampu inayoingia kwenye valvu yangu (zipo nene kama za gari na zipo nyembamba, pampu ya moja haiingii kwa nyingine), vijiti viwili vya plastiki vya kutolea tairi, na seti ya alenki, zile funguo za pembe sita. Basi.

Vya kuvaa, helmeti ndo ya kwanza na haina mjadala. Ikae sawa juu ya kichwa, vidole viwili tu juu ya nyusi, sio imerudi nyuma kama kofia ya sikukuu, kamba zifanye herufi V chini ya masikio, kidevuni pabaki nafasi ya kidole kimoja au viwili. Ikishapigwa chini kwa nguvu hata mara moja, hata kama haina ufa unaoonekana, imekwisha kazi, lile povu la ndani likishabonyea halirudi. Kwa hiyo helmeti ya mtumba sinunui, hujui imepitia nini. Baada ya hapo glavu, maana ukianguka viganja ndo vinatangulia, na miwani hata ya bei ndogo yenye kioo cheupe, vumbi letu hili jembamba la volkano likikuingia machoni kwenye mteremko unaendesha kipofu. Kaptula yenye sponji inavaliwa bila chupi ndani, mshono wa chupi ndo unaokuchubua. Viatu vyovyote vyenye soli ngumu bapa. Jezi za rangirangi nunua ukipenda, haziongezi kitu njiani.

Mteremkoni shusha siti, ndo kazi ya kile kipini cha kufungua kwa mkono, pale bomba la siti linapoingia kwenye fremu. Simama kwenye pedali zote zikiwa sawa, sio moja imening'inia chini itagonga jiwe, magoti na viwiko vimelegea, kiuno nyuma kidogo, macho yanaangalia unakokwenda mita kumi mbele na sio lile jiwe unaloliogopa, ukilikazia macho utaligonga. Breki funga kabla ya kona, ndani ya kona achia. Ya mbele ndo yenye nguvu, ibane polepole kwa kuongeza, usiishtue. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, njia za udongo mweusi mi siendi kabisa, tope linajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linasimama, na pia mnaharibu njia za watu wanaopitisha mazao humo.

Mazoezi. Makosa ni kwenda kwa hasira kila siku. Mtu anatoka mara moja kwa wiki, anajiua kilomita 40, wiki nzima anaumwa, Jumapili anarudia. Bora mara tatu kwa wiki, mbili za dakika 40 mpaka saa moja na moja ndefu wikiendi, na sehemu kubwa ya hizo uwe unaweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Mwenzako akikuuliza habari za nyumbani ukamjibu neno moja moja, punguza. Moyo na mapafu vinajengwa kwenye huo mwendo wa maongezi. Ukishafika wiki ya nne au ya tano ndo siku moja kwa wiki tafuta kilima cha dakika tatu, panda kwa nguvu, shuka taratibu, rudia mara nne. Ile safari ndefu iongeze kidogokidogo, na kila wiki ya nne punguza mwili upumzike.

Gia ziwe nyepesi. Watu wanaona aibu kutumia gia ndogo, wanakanyaga nzito wamekunja uso, hiyo inaua magoti. Tafuta mizunguko 80 mpaka 90 kwa dakika kwenye tambarare, hesabu goti la kulia kwa sekunde 15, likipanda mara 20 uko vizuri. Mlimani itashuka mpaka 60 na kitu, sawa tu, ila badilisha gia kabla mlima haujakukamata, ukibadilisha umeshakwama cheni inalia na inaweza kukatika. Nyumbani fanya kuchuchumaa na kusimama mara 15 seti tatu, na kulala kwa viwiko mwili umenyooka nusu dakika mpaka dakika moja, mara mbili kwa wiki. Tumbo na mgongo vikiwa imara mikono haichoki. Anayetoka Dar ajue Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, siku za kwanza pumzi itakuwa fupi, ni kawaida, apunguze mwendo asilazimishe.

Safari isiyozidi saa moja maji tu yanatosha. Ikizidi, lita nusu kwa saa, na jua kali zaidi ya hapo, kunywa mafunda madogo kila robo saa usingoje kiu. Chakula cha wanga gramu 30 mpaka 60 kwa saa, ndizi mbivu moja ya wastani ina kama 25, kwa hiyo ndizi mbili kwa saa umemaliza, au viazi vitamu vya kuchemsha vilivyonyunyiziwa chumvi, mi ndo navipenda kwa sababu jasho limeondoka na chumvi yako. Asubuhi uji au chapati na chai saa moja na nusu kabla, sio unaondoka na tumbo limejaa makande.

Ukipata nafasi, wenzetu wa Nairobi wana Msitu wa Karura, na kule Naivasha hifadhi ya Hell's Gate unaruhusiwa kuingia na baiskeli, unapita katikati ya pundamilia na twiga. Sehemu nzuri sana za kuanzia, hazina mawe makubwa.

Ukirudi, kausha cheni kwa kitambaa kikuukuu, tone moja la mafuta kwa kila pini, zungusha, halafu futa yanayozidi maana mafuta ya juu yanavuta vumbi linakuwa msasa. Na ukishapata kimo chako cha siti, zungushia utepe mweusi wa umeme kwenye bomba pale linapoingia kwenye fremu. Ukishusha kwa ajili ya mteremko, au mtoto wa jirani akiiazima akaishusha yote, unavuta mpaka utepe uonekane, unafunga, unaondoka.